Dondoo muhimu: "Please" kwa Kidenmaki

Usihangaike kutafuta neno moja la Kidenmaki linalobeba "please" kila mahali, halipo. Adabu imo ndani ya sentensi nzima. Mkahawani anza na "Må jeg få", yaani naweza kupata, au taja unachotaka kisha malizia kwa "tak", ambalo pia ndilo ahsante: "En kaffe, tak." Mswahili atazoea upesi, maana nasi husema "naomba chai" bila tafadhali na hakuna anayekwazika. Ukitaka mtu akufanyie jambo, "Vil du være sød at...", yaani utakuwa mwema na kufanya jambo fulani, hupendeza sana. "Venligst", yaani kwa hisani yako, waachie wenye mabango na barua rasmi. Likitamkwa laweza kusikika kama karipio. Na "værsgo" ni la anayekukabidhi kitu, si la mwombaji.