Somo la Ndoa: Profesa na Mgeni Wake

Tumezoea ndoa ianze kwa posa, ndipo watu waende kanisani. Leo tutazame ndoa iliyokwenda kinyumenyume.

C. S. Lewis, Mwanglikana mzaliwa wa Belfast, alifundisha Oxford miaka mingi, na mwaka 1954 akateuliwa profesa huko Cambridge. Alikuwa mseja, amezoea vitabu na rafiki zake wanaume. Mwaka 1950 alipata barua kutoka Marekani kwa Joy Davidman, mwandishi wa jamaa ya Kiyahudi ya New York, aliyekuwa mkomunisti kabla ya kumwamini Kristo. Wakaonana mwaka 1952.

Joy alisema wazi alilofikiri. Baadhi ya rafiki za Lewis waliona hana adabu, kwa maana huko Oxford mtu aliyekosea huambiwa kwa kuzungukazunguka. Lewis alifurahi kupata mtu wa kubishana naye. (Nimefundisha walimu, namwelewa: mwalimu hupenda kusahihishwa na mtu anayejua, ingawa hakiri.)

Tarehe 23 Aprili 1956 waliandikisha ndoa serikalini, ili Joy na wanawe wawili wapate kukaa Uingereza. Ulikuwa msaada wa rafiki tu. Kila mtu alibaki nyumbani kwake. Mwaka huo huo mfupa wa paja la Joy ukavunjika, ikaonekana ana kansa. Ndipo Lewis, karibu miaka 58, akatambua kwamba anampenda.

Akataka ndoa ya Kanisa. Hapa tusipite upesi. Joy alikuwa amepewa talaka, na mume wa kwanza alikuwa hai. Askofu wa Oxford alikataa. Alilinda amri ya Kanisa lake wakati ule, nami simwoni mkatili. Lewis alisema kwamba mume yule naye alikuwa amemwacha mke kabla ya kumwoa Joy. Basi, kwa amri ile ile, ile haikuwa ndoa. Kasisi Peter Bide, wa dayosisi nyingine, aliitwa amwekee mgonjwa mikono. Aliposikia habari, aliomba, akawafungisha ndoa kando ya kitanda cha hospitali, tarehe 21 Machi 1957.

Joy alipata nafuu, akatembea tena. Aprili 1960 walisafiri Ugiriki. Alifariki tarehe 13 Julai mwaka huo.

Kwa vikundi: someni Mathayo 19:3–9. Mngalikuwa kasisi yule, mngalifanya nini? Mzee mmoja wa kanisa aliniambia angalimwombea mgonjwa, akarudi kwake. Mimi ningaliwafungisha, kisha ningalimwandikia Askofu usiku ule ule.