Jua Haki Zako: Mtoto Bado ni Wako, Hata Akilala Kwenye Makao ya Dini

Kuna karatasi ambayo wazazi wa watoto wenye ulemavu hupewa watie sahihi wanapofika kwenye makao yanayoendeshwa na kanisa, msikiti au shirika la dini. Mara nyingi huipokea wakiwa wamechoka, mtoto kalala begani, nauli ya kurudi haijulikani itatoka wapi. Imeandikwa kwamba mzazi "anamkabidhi" mtoto mpaka afikishe miaka 18, hatamchukua bila ruhusa ya uongozi, na hatadai lolote baadaye. Asiyejua kusoma hutia kidole gumba, akashukuru, akaondoka akiamini kwamba kuanzia siku hiyo mtoto si wake tena.

Karatasi hiyo haina nguvu ya kukuondolea uzazi wako. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kulelewa na kulindwa na wazazi wake, mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au hawajaoana. Jukumu hilo halihamishwi kwa makubaliano ya ofisini kati ya mzazi na padri, mchungaji au matroni. Ni mahakama inayoweza kuliondoa au kumpa mtu mwingine, baada ya kusikiliza na kupima lililo bora kwa mtoto. Kwa hiyo kama ulimpeleka mwanao mwenyewe na hakuna amri ya mahakama, unayo haki ya kumtembelea, kuuliza anakula nini na anatibiwa vipi, na kumrudisha nyumbani. Lakini kama aliwekwa pale kwa amri ya mahakama, usiende kumchukua kwa nguvu. Nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako, uombe suala lirudishwe mbele ya hakimu.

Jambo la pili ni zito zaidi, na ndilo ningependa kila chifu na kila kiongozi wa dini alisome kwa sauti. Ulemavu peke yake si sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na kwa kifungu cha 2(6) cha Katiba, mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria ya nchi hii. Kifungu cha 23 cha mkataba huo kinakataza mtoto kutenganishwa na wazazi kwa sababu ya ulemavu wake, au kwa sababu ya ulemavu wa wazazi. Wazazi wakishindwa kabisa, serikali inatakiwa kutafuta ndugu wa karibu kwanza, nyanya, shangazi, mjomba, kisha familia nyingine katika jamii. Sheria ya Watoto ya 2022 inafuata njia hiyo hiyo: makao ni kimbilio la mwisho.

Sisemi haya kuwadharau waliojenga makao hayo. Kabla serikali haijawa na mpango wowote wa maana, watu wa dini ndio waliofungua mlango. Jeshi la Wokovu lilianzisha Shule ya Vipofu ya Thika mwaka 1946, wakati wa ukoloni, na maelfu ya Wakenya wasioona wamesoma kwa sababu hiyo. Mapadri, masista na masheikh wamewapokea watoto walioachwa vichakani na kwenye wodi za wazazi. Tatizo ni kwamba mlango uliofunguliwa kwa mtoto aliyetupwa sasa unatumiwa na mtoto ambaye mama yake yuko hai, anampenda, ila hana mtu wa kumsaidia kumbeba.

Mama huyo ana haki anazoweza kuzidai kabla hajafika kwenye lango la makao. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, mgongo wazi, kichwa maji, uziwi au ulemavu wowote anastahili kusajiliwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Anza hospitalini, daktari amkague na kujaza fomu ya tathmini, ndipo kadi itolewe. Beba cheti cha kuzaliwa. Kama hana, anza na hicho, kwa maana bila cheti kila meza utakayofika itakurudisha. Baraza lina hazina inayogharimia viti vya magurudumu, vifaa vya kusaidia kusikia na kutembea, na wakati mwingine karo. Familia yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa inaweza kuomba kuingizwa katika mpango wa Inua Jamii, ambao hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi. Pesa hizo ni chache mno. Nepi za mtoto wa miaka tisa zinaweza kuzimaliza kabla mwezi haujafika katikati. Hata hivyo ni haki, na wako wengi ambao hawajawahi kuambiwa kwamba ipo. Kuhusu shule, ulizia kituo cha serikali cha kupima watoto wenye mahitaji maalumu. Hapo ndipo mtoto hupimwa na kuelekezwa kwenye shule ya kawaida, kitengo maalumu au shule ya bweni.

Usichanganye shule ya bweni na makao. Shule inasimamiwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ina mihula, na shule zikifungwa mtoto hurudi nyumbani. Ukisikia "shule" ambayo watoto hawaendi likizo na hakuna mwalimu aliyesajiliwa, hayo ni makao yaliyovaa sare.

Ikibidi mtoto alale kwenye makao, njia sahihi hupitia kwa afisa wa watoto. Yeye huandika ripoti kuhusu familia, na mahakama huamua. Dharura ikitokea, mtoto anaweza kupokelewa kwanza, lakini afisa ajulishwe na suala lifikishwe mahakamani. Makao yanayopokea watoto kwa simu ya mchungaji au barua ya mjumbe, bila afisa wa watoto kujua, yanavunja sheria hata kama chakula ni kizuri na vitanda ni vipya. Uliza cheti cha usajili. Uliza pia mtoto atakuwa na mpango gani wa malezi: anatibiwa nini, nani atamfanyisha mazoezi, familia itatembelewa lini, atarudi nyumbani lini. Akijibu mtu kwamba "atakaa tu, Mungu atajalia," mpango haupo.

Kisha omba uoneshwe chakula cha mchana kikiliwa. Nalikazia hili kuliko karatasi zote. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hapaswi kulishwa akiwa amelala chali. Uji ukimwingia kwenye mapafu, nimonia hufuata, na watoto wengi wa aina hii hupotea kwa njia hiyo bila mtu kuulizwa. Anatakiwa akalishwe wima, kichwa kishikiliwe kisirudi nyuma, kijiko kidogo, na mlishaji asubiri ameze kabla ya kijiko kinachofuata. Mtoto mmoja anaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Sasa hesabu: ukikuta mlezi mmoja ana watoto wanane wa kulisha na sahani zinarudi jikoni baada ya dakika ishirini, umeshapata jibu, na halitategemea mabango ya ukutani. Ukimaliza, mgeuze mwanao uangalie mgongo na nyonga. Vidonda vya kulalia huonesha kwamba hageuzwi. Omba daftari la dawa za kifafa, uone kama dozi za usiku zimeandikwa na nani alizitoa. Hayo yote ni haki yako kuyaona kama mzazi, hayahitaji miadi na mkurugenzi.

Kumfunga mtoto kitandani au kwenye kiti kwa kitambaa ili "asisumbue", kumfungia chumbani, au kumchapa, ni makosa. Kifungu cha 29 cha Katiba kinakataza adhabu ya viboko na utesaji wa kila namna, na cha 53 kinamlinda mtoto dhidi ya kutelekezwa na kutendewa kinyama. Uhaba wa wafanyakazi si utetezi.

Sasa dini yenyewe. Makao ya dini yana uhuru wa kusali, kuimba, kuswali na kufundisha imani. Kifungu cha 32 cha Katiba kinalinda uhuru huo, na hicho hicho, ibara ndogo ya 4, kinasema mtu hatalazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Mtoto wa Kiislamu aliyepokelewa na masista habatizwi wala hapewi jina jipya kwa sababu tu analala kwao. Mtoto wa Kikristo kwenye makao ya Kiislamu naye hasilimishwi kwa sahani ya wali. Mzazi aandike dini ya mtoto kwenye fomu ya mapokezi na abaki na nakala. Kwa familia za Kiislamu, Sheria ya Watoto ya 2022 inaitambua kafala kama njia ya malezi, yaani Mwislamu kumchukua mtoto na kumlea bila kumpokonya nasaba yake. Maimamu wa Pwani wangeitangaza njia hii zaidi, kwa sababu mtoto anapata nyumba badala ya bweni.

Na maombi? Sheria haina ugomvi na maombi. Inachokataza ni mtoto wa kifafa kuachishwa dawa kwa sababu mtu ameona mapepo. Mtoto akianguka motoni au akafa kwa degedege baada ya dawa kusimamishwa, aliyezisimamisha anaweza kujibu mashtaka, awe na joho au asiwe nalo.

Suala la picha limekuwa kidonda. Wageni wanakuja na mchele na mafuta, kisha simu zinatolewa. Mtoto anapigwa picha akiwa na mate mdomoni, nguo zimemvuka, na jioni picha iko mtandaoni pamoja na jina lake, ugonjwa wake na namba ya kutuma pesa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa, tena kwa namna inayomfaidi mtoto mwenyewe. Taarifa za afya zina ulinzi wa ziada. Mwezi Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Sheria iliyoibana shule hiyo inayabana makao pia. Mzazi anaweza kudai picha iondolewe, na akikataliwa, apeleke malalamiko kwa ofisi ya Kamishna. Nawasihi wanaoendesha makao: mwoneshe mfadhili bafu jipya, kiti cha magurudumu kilichotengenezwa, hesabu za fedha zilizokaguliwa. Mfadhili mwema atatoa bila kuona aibu ya mtoto.

Nikizungumza na kamati za makanisa na misikiti zinazotaka kuanzisha makao mapya, nawaomba wasianze na msingi wa bweni. Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto, na mkakati wa taifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto kwenye familia na kuyageuza makao yaliyopo yatoe huduma nyingine. Nendeni kwanza kwa Baraza la Taifa la Huduma za Watoto mkaulize mnaruhusiwa kufanya nini, kabla hamjachangisha hata shilingi moja. Kituo cha mchana, ambako mama anamleta mtoto asubuhi kwa mazoezi na chakula naye akapata nafasi ya kwenda kibaruani, kinagharimu kidogo na hakimtenganishi mtu na mtu. Fungu la nauli ya kliniki, fundi wa viti vya magurudumu, kina mama wa kanisani wanaomlea mtoto wikendi mbili kwa mwezi ili mzazi apumzike: hizo ni huduma za dini kamili, na hakuna anayelazimika kuacha mtoto wake langoni ili azipate.

Mwisho, ukishuku mtoto anateswa au anadhulumiwa kimapenzi ndani ya makao, piga 116. Simu ni ya bure, na huna haja ya ushahidi kamili ili upige. Kama kuna dalili za ubakaji, usimwogeshe mtoto, usifue nguo alizovaa. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi. Mfikishe hospitalini kabla ya saa 72 kwisha, maana dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hazisaidii zikichelewa, kisha polisi watoe fomu ya P3. Usikubali mambo yasuluhishwe ofisini kwa askofu au kwa sheikh. Huna wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ilianzisha huduma ya taifa ya msaada wa kisheria, na watoto wamo miongoni mwa wanaostahili.

Wengi huogopa kwamba kesi itaanguka kwa sababu mtoto hawezi kusema, au husema kwa ishara anazozielewa mama yake peke yake. Kifungu cha 50(7) cha Katiba kinairuhusu mahakama kumkubali msaidizi wa mawasiliano, mtu anayemfahamu mtoto au mtaalamu, amfikishie hakimu anachosema mtoto na amfikishie mtoto maswali ya hakimu. Kwa mtoto kiziwi kuna mkalimani wa lugha ya ishara. Mwambie mwendesha mashtaka mapema, kabla ya siku ya ushahidi, ili ombi hilo liwasilishwe kwa wakati.