Faida ya Mgodi Uliofungwa

Blaenavon ni mji mdogo ulio milimani katika Wales ya Kusini. Tangu matanuru ya chuma yalipojengwa huko mnamo mwaka 1789, watu wake walipata riziki kwa chuma na makaa ya mawe. Mwaka 1980 mgodi uitwao Big Pit ulifungwa, na wachimbaji wakakosa kazi.

Ingalikuwa rahisi kulifukia shimo na kuuza mitambo. Badala yake, mwaka 1983 mgodi ulifunguliwa tena, ukawa makumbusho. Wageni huvaa kofia ngumu zenye taa, huacha juu viberiti vyao, kisha huteremshwa mita 90 chini ya ardhi. Waliowekwa kuwaongoza ni wachimbaji wa zamani. Hivyo ujuzi uliodhaniwa kuwa hauna thamani tena ukaleta mshahara. Mwaka 2000 UNESCO iliitia nchi hiyo ya Blaenavon katika Urithi wa Dunia.

Makumbusho hayawezi kuajiri watu wote walioajiriwa na mgodi. Lakini yafaa kukumbuka neno hili: mitambo ikishauzwa kuwa chuma chakavu, na wazee wakishafariki na habari zao, hakuna fedha iwezayo kuvirudisha.