Somo: Ramani na Jedwali Lake Visitengane
Ndugu wakazi wa Gatumba na wa kandokando ya mto Rusizi, maji yanapofurika, ramani humwonyesha mwokoaji nyumba ilipo. Jedwali humweleza nani humo ni mzee, nani ni mgonjwa.

Katika programu ya QGIS, ramani ya muundo wa .shp huhifadhiwa kwa mafaili yasiyopungua matatu: .shp hutunza maumbo, .shx faharasa, .dbf jedwali. Anayenakili bila .dbf humfikishia mwokoaji nukta zisizo na majina.

Basi, hifadhi mabadiliko kwanza. Nakili mafaili yote yenye jina hilo hilo. Kisha ifungue nakala uihakiki kabla ya kufuta ya awali. Nakala ya kubandikwa hadharani iondolewe majina ya watu: siri ya jirani ni amana.