Mafunzo Niliyopata Nikisomea Tiba ya Wazee Upareni

Mdogo wangu unayeanza uzamili wa magonjwa ya ndani, nimesikia unataka kubobea katika tiba ya wazee. Umechagua vizuri. Wakati wetu karibu darasa zima lilitaka moyo, figo na mishipa ya fahamu. Aliyetaja wazee aliulizwa kama kwingine ameshindwa. Leo swali hilo halina mashiko. Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania wa miaka 60 na zaidi wapatao milioni 2.5, ile ya 2022 ikawakuta karibu milioni 3.5. Mimi ni mtoto wa Same, Upareni, na kwetu huhitaji hata sensa. Panda gari linalokwenda Vudee au Chome, ushuke, upige hodi. Utakaowakuta ni bibi, babu na wajukuu. Wa katikati wako Dar es Salaam, Arusha na Moshi.

Haya niliyapata wodini na milimani. Sikuyapanga kwa ukubwa.

1. Uzee haujibu swali la daktari

Babu mmoja kutoka Suji aliletwa na mwanawe. "Mwaka wa tatu huu, daktari. Ni uzee tu." Faili lilikuwa na karatasi za vituo kadhaa, na zote zilikubaliana na huyo mwana. Mkufunzi wangu hakulisoma kwanza. Alimwamkia babu, akamwomba afungue vifungo vya shati.

Tukasimama tukitazama. Vidole vilihangaika na kifungo cha juu kwa muda mrefu hata nikanyoosha mkono nimsaidie; mkufunzi akanizuia kwa jicho. Mkono wa kulia ulipotulia mapajani, kidole gumba na cha shahada vilianza kusuguana kana kwamba anapukuchua mahindi. Mwanawe alipomtania, uso haukubadilika. Alipotembea, hatua zilikuwa fupi na mkono mmoja haukupunga. Ulikuwa ugonjwa wa Parkinson, tena uliokomaa. Akaanzishiwa levodopa. Siku aliyorudi kliniki, mkewe alitutangulizia habari kabla hatujamaliza kuamkiana: shati lile amejifunga mwenyewe.

Ugonjwa nilikuwa nimeusoma vitabuni. Kilichonishangaza ni jinsi watu wengi, mgonjwa mwenyewe akiwamo, walivyoridhika na neno moja kwa miaka mitatu. Nikaja kusoma utafiti uliofanyika wilayani Hai, mkoa wetu huu huu wa Kilimanjaro, ukachapishwa 2008. Catherine Dotchin, Richard Walker na wenzao wa Kitanzania waliwatafuta wagonjwa wa Parkinson nyumba kwa nyumba kati ya wakazi zaidi ya 160,000. Wengi wa waliowapata hawakuwa wamewahi kugunduliwa, wala kupewa dawa. Walikuwa wamekaa tu majumbani, wanaitwa wazee.

Fani yenyewe ilizaliwa kwa kulikataa jibu hilo. Mwaka 1935, katika hospitali ya West Middlesex, Uingereza, Dkt. Marjory Warren alikabidhiwa mamia ya wagonjwa wa nyumba ya maskini iliyokuwa jirani, wengi wao wamelala vitandani kwa miaka. Alianza kuwapima mmoja mmoja, akawapanga upya, akawainua. Sehemu kubwa yao walisimama, na wengine wakarudi kwao.

Kwa hiyo, ukiambiwa "ni uzee", uliza: mwaka jana wakati kama huu alikuwa anafanya nini ambacho leo hawezi? Alikuwa anapalilia tangawizi? Anakwenda kanisani kwa miguu? Umri huongeza hatari ya maradhi, lakini hauyaelezi. Uwezo ulioporomoka ndani ya miezi michache una sababu, na kazi uliyoichagua ni kuitafuta hiyo sababu.

2. Pima presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama

Hili lina gharama yangu ndani yake, na sina namna ya kulisema bila kukiri. Bibi wa Mwembe alikuja kliniki presha iko juu, nikamwongezea dozi na dawa ya kukojoza. Nilimpima amekaa, mara moja, baada ya safari ya kuteremka mlima. Wiki chache baadaye aliamka usiku kwenda choo cha nje, akasimama ghafla, akaanguka. Nyonga ilivunjika.

Mlaze dakika tano, pima. Msimamishe, pima tena ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mgonjwa huyo ataanguka siku moja, na dawa uliyokusudia kumwandikia itaiharakisha siku hiyo. Kipimo hiki hakihitaji mashine yoyote zaidi ya ile uliyonayo mezani. Kinahitaji uvumilivu kwenye foleni ndefu, na hapo ndipo wengi tunapokiruka. Usikiruke.

Muulize pia kila mzee: umeanguka mwaka huu? Wengi hawasemi wenyewe. Wanaogopa watoto wakisikia watawahamishia mjini.

3. Fungua fundo la kanga

Waambie waje na dawa zote. Usiseme "dawa zako" tu, maana kwa wengi dawa ni zile za hospitali. Sema: chochote unachomeza, cha dukani, cha jirani, cha mganga.

Bibi mmoja alifungua fundo la kanga juu ya meza yangu. Ndani mlikuwa na amlodipini ya zahanati, na amlodipini ya duka la dawa la mjini Same, pakiti ya rangi nyingine, kampuni nyingine. Alikuwa anameza zote mbili kwa kuwa zinafanana kwa jina tu, alivyosema, si kwa sura. Diklofenaki ya magoti, asubuhi na jioni. Kidonge cha kukojoza. Vidonge vyeupe vimefungwa kwenye karatasi ya daftari, havina jina. Jirani alimpa vimletee usingizi. Chini kabisa, magome yaliyokaushwa.

Fuata mkondo wake. Diklofenaki inapandisha presha na kuumiza figo. Presha ikipanda anaongezewa amlodipini. Amlodipini inavimbisha miguu. Miguu ikivimba anapewa kidonge cha kukojoza. Kidonge kinamwamsha usiku, na vile vyeupe vimemlegeza. Kila aliyemwandikia alikuwa na sababu nzuri, na hakuna aliyeliona fundo zima. Siku hiyo hatukumwongezea kitu. Tulimpa parasetamoli ya magoti badala ya diklofenaki, tukamwachia amlodipini ya aina moja, na dawa nyingine tukamwondolea taratibu. Nilipoanza uzamili nilidhani ubingwa ni kujua dawa ya kuongeza. Katika tiba ya wazee, jasiri ni yule anayejua ya kuondoa, na ipi iondolewe polepole.

4. Kumbukumbu hupimwa kwa maisha aliyoyaishi mtu

Bibi mwingine alifika na mjukuu wake. Mjukuu aliomba athibitishiwe kwamba bibi anapoteza kumbukumbu: hajibu akiulizwa, anajibu mengine. Kwenye kipimo tulichokuwa tunakitumia, kilichotungwa Marekani, alishindwa vibaya. Aliulizwa tarehe, atoe saba kutoka mia, aandike sentensi, anakili mchoro. Huyu hakuwahi kuingia darasani wala kushika penseli.

Kitambulisho chake kilisema alizaliwa 1950. Nikamuuliza, kwa sauti ya juu na nikiwa karibu na sikio, anakumbuka nini cha utoto. Akasema mbiru. Alibebwa mgongoni wakati watu wa milimani walipoteremka Same kuipinga kodi ile ya kikoloni, wanaume wakapiga kambi mjini na wanawake wakaandamana pia. Maandamano hayo yalianza 1945. Akataja waliotoka kijijini kwao, nani alikamatwa, nani alirudi lini. Kitambulisho kilikuwa kimempunguzia miaka, na kipimo kilikuwa kimempunguzia akili.

Hai wamelifanyia kazi jambo hili. Watafiti wa hospitali ya KCMC na wenzao wa Northumbria na Newcastle, Uingereza, walitengeneza kipimo kifupi kiitwacho IDEA, cha watu ambao hawakusoma. Mzee hutajiwa maneno ayakumbuke, huulizwa siku ya wiki, huambiwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, na hupewa njiti za kiberiti azipange kama alivyoonyeshwa. Bibi yetu alizipanga njiti bila kusita. Kwenye wanyama alianza na mbuzi, akashuka tambarare hadi Mkomazi, na dakika ikaisha yuko kwenye pofu. Tatizo lake lilikuwa masikio. Moja lilijaa nta, jingine lilipungua uwezo kweli.

Usielewe kwamba ugonjwa wa kusahau haupo kwetu. Utafiti wa Hai uliochapishwa 2013, uliopima karibu watu 1,200 wa miaka 70 na zaidi, ulikuta 6.4% yao wanao. Ndiyo maana lazima upime kwa haki, ili unaowapata wawe ni wenyewe. Safisha masikio, angalia mtoto wa jicho, kisha upime akili.

5. Aliyechanganyikiwa tangu juzi

Mzee aliyekuwa timamu Jumapili, na Jumanne anaongea na marehemu kaka yake, hana ugonjwa wa kusahau. Ana jambo jipya mwilini. Tafuta nimonia hata kama hana homa, maana wazee wengi hawapandishi joto. Bonyeza kibofu uone kama mkojo umeziba. Uliza alipata choo kikubwa lini. Uliza dawa iliyoanza wiki hii. Ndugu watataka kuondoka naye kwa maombi au kwa mganga. Waombe wakupe siku mbili, mmoja wao abaki kitandani pake, taa iwe inawaka, sura anayoifahamu iwe karibu. Nimeona maombi na antibiotiki vikienda pamoja bila ugomvi.

6. Mtafute anayemwogesha

Kwenye familia za Upareni, anayeamua mara nyingi yuko Dar es Salaam. Ndiye anayetuma hela kwa simu, na ndiye atakayekupigia jioni kuuliza kwa nini mzee hajapelekwa Muhimbili. Mheshimu, umjibu kwa utulivu. Lakini maelezo ya matibabu mpe anayemwogesha: mkwe, binti aliyeachika akarudi, mjukuu wa kidato cha pili. Huyo ndiye anayejua kama mzee anakohoa akinywa uji, kama kuna kidonda kinaanza kiunoni, kama usiku halali. Muulize na yeye analala saa ngapi. Binti mmoja niliyemuuliza hivyo alianza kulia kabla sijamaliza swali. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kuhusu fedha, usidanganywe na maandishi. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, msamaha wa matibabu kwa wasiojiweza upo, na hospitali zina madirisha ya wazee. Nauli ya kuteremka mlima hadi kwenye hilo dirisha haimo. Zanzibar walianza 2016 kumpa kila mkazi wa miaka 70 na zaidi pensheni ya kila mwezi, shilingi 20,000 kwa kuanzia. Naamini Bara tunapaswa kufuata, na nadhani madaktari wa wazee ndio wa kulisema hili kwa sauti, maana sisi ndio tunaoona nani hakurudi kliniki. Kwa sasa, ukimpa tarehe ya kurudi, muulize gari linatoka kwao siku gani, na umpangie siku hiyo.

7. Omba wakupeleke wilayani

KCMC iko Moshi, yapata kilometa 100 kutoka Same. Hospitali kubwa itakufundisha kuusoma moyo na ubongo. Haitakuonyesha kitanda kilicho chini mno kwa mtu mwenye magoti mabovu, mawe ya njia ya kwenda chooni, moshi wa jiko analokaa nalo mwenye kikohozi. Kazi bora kuliko zote nilizowahi kumwandikia mgonjwa ilifanywa na fundi wa kijijini: nguzo mbili na mti wa kushika kutoka mlangoni hadi chooni, na kizingiti kung'olewa. Majirani walimaliza kwa asubuhi moja ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Bibi wa nyonga, yule wa Mwembe, ndiye wa kwanza kujengewa.

Mwombe mkuu wa idara akupe angalau wiki kadhaa za kutembelea majumbani, ukiongozana na mhudumu wa afya wa kijiji. Beba mashine ya presha, kiberiti, tochi ya masikio na viatu vya mlimani. Na ukipanga ratiba ya Suji au Mamba, usiweke Jumamosi. Wasabato watakuwa ibadani, na wazee unaowatafuta ndio watakaokuwa wamekaa viti vya mbele.