Mtoto Anashiba, Mbona Hakui?

Wadogo zangu wa Sumbawanga, Laela, Namanyere na Matai, swali hili halikauki: "Dada, mahindi yamejaa ndani, mtoto anakula ugali anashiba, mbona kliniki wanasema amedumaa?" Najua linavyouma. Mkoa wetu unalisha mikoa mingine, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa nchi nzima ni asilimia 30.

Tuongee basi kuhusu tumbo. Kwenye utumbo mpana wanaishi bakteria wasiohesabika, na wengi wao ni wema. Wanakula makapi ya nafaka na maharage ambayo sisi hatuwezi kuyameng'enya, wanatoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo, na wanaifundisha kinga ya mwili kumjua adui. Wakivurugika, chakula kinaingia ila mwili haufaidiki nacho inavyopaswa.

Hapo jirani Malawi, watafiti waliwafuatilia mapacha jozi 317 tangu kuzaliwa hadi miaka mitatu. Kuna jozi ambazo pacha mmoja alipata kwashiakoo na mwenzake akabaki mzima, ingawa nyumba ni moja na chungu ni kimoja. Bakteria wa pacha mgonjwa walipopandikizwa kwa panya waliolishwa chakula cha Kimalawi, baadhi ya panya hao walikonda vibaya. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Kwa hiyo mama usikubali kuambiwa umemnyima mtoto chakula, kana kwamba hakuna sababu nyingine.

Mtoto anayetambaa uani penye kinyesi cha kuku na kunywa maji yasiyochemshwa anameza vijidudu kila siku. Hata asipoharisha, ukuta wa utumbo unachakaa polepole. Choo, sabuni na maji ya kuchemsha ni sehemu ya lishe.

Sasa chakula. Tumeacha dona tukakimbilia sembe nyeupe, na ulezi tunauuza wote. Sipendi kabisa jambo hili. Huko Kilimanjaro, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2025, wanaume wa kijijini walipolishwa vyakula vya kisasa vya viwandani kwa wiki mbili tu, damu yao ilionyesha mwili umewaka kama unaopigana na ugonjwa, na kinga ikalegea. Wa mjini waliorudishiwa vyakula vya asili, mwili ulitulia. Walikuwa watu wazima, si watoto, lakini mimi nimeshajua la kupika. Bakiza debe la ulezi ndani. Pika na maharage, mchicha, dagaa au migebuka ya Ziwa Tanganyika, maana ugali peke yake, hata wa dona, haumkuzi mtoto.

Na togwa jamani! Pika uji mwepesi, uache upoe hadi uwe vuguvugu, koroga unga wa kimea cha ulezi, funika hadi kesho yake. Kimea kinaulainisha uji, kwa hiyo unaweza kuongeza unga bila kumkaba mtoto, na ule uchachu unawazuia vijidudu vingi vya kuharisha. Watafiti wa hapa Tanzania waliwanywesha watoto togwa kila siku, na vijidudu hivyo vikapungua kwenye choo chao. Ila chombo kiwe safi, na usimpe mtoto kabla ya miezi sita. Mpaka hapo ni ziwa lako tu. Maziwa ya mama yana sukari ambayo mtoto mwenyewe hawezi kuimeng'enya. Ipo kwa ajili ya bakteria wema.

Halafu ile tabia ya kukimbilia duka la dawa kununua antibiotiki kila mtoto anapoharisha, iacheni. Dawa hiyo inaua wabaya na wema pamoja. Akiharisha majimaji, mpe ORS na zinki, endelea kumnyonyesha. Ukiona damu kwenye choo, homa kali, au macho yameingia ndani, mbebe siku hiyohiyo hadi zahanati. Huko wakimwandikia antibiotiki, mpe dozi yote.