Sindano ya Kuleta Joto kwa Ng'ombe: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kulipa

Mfugaji anayemwita mtaalamu amchome ng'ombe wake sindano ya kuleta joto ni mteja kama mteja mwingine yeyote, na ana haki ya kufahamu anacholipia. Malalamiko katika huduma hii hufanana: sindano imechomwa, siku zimepita, na ng'ombe hakuonyesha dalili yoyote. Dawa mbovu au iliyopita muda wake yaweza kuwa sababu. Lakini hata dawa nzima haina kazi ya kufanya ikiwa imechomwa siku isiyofaa, na siku hiyo huamuliwa na yanayoendelea ndani ya ovari.

Ndani ya ovari mna vifuko vidogo vya majimaji, viitwavyo folikoli, na kila kimoja hubeba yai. Vifuko hivi hukua kwa makundi, mithili ya mawimbi. Katika mzunguko wa siku 21 hivi, ng'ombe hupata mawimbi mawili au matatu. Kila wimbi huanzishwa na homoni iitwayo FSH, itokayo katika tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Vifuko kadhaa huanza kukua pamoja, kisha kimoja huvitangulia vingine. Kikifikia upana wa milimita 8 au 9, homoni zake chenyewe huwa zimekwisha kuipunguza FSH, na vifuko vingine, kwa kukosa kilichokuwa kikivikuza, hunywea. Hicho kilichobaki hutegemea homoni nyingine ya pituitari, yaani LH.

Mahali yai la mzunguko uliotangulia lilipotoka hujengeka tezi ya manjano, inayotoa projesteroni. Maadamu tezi hiyo ingali hai, LH hutoka kwa nadra, na kifuko kikubwa hakipasuki, hata kiwe kimekua namna gani. Nacho hunywea, na wimbi jingine huanza. Pasipo mimba, mnamo siku ya 16 au 17 mji wa mimba hutoa prostaglandini, inayoiua tezi ya manjano. Projesteroni hushuka, LH huongezeka, kifuko kilichopo wakati huo hukamilisha ukuaji wake na kumwaga estrojeni kwa wingi, na ng'ombe huingia joto.

Sindano inayochomwa kwa kawaida ni prostaglandini hiyo hiyo, au dawa iliyotengenezwa kwa kuiiga. Haikuzi yai wala haitengenezi joto. Kazi yake ni moja tu: kuondoa tezi ya manjano. Ikichomwa katika siku tano hivi za kwanza baada ya yai kutoka, tezi bado ni changa na haiisikii dawa. Ikichomwa kwa ng'ombe asiye na tezi hiyo kabisa, fedha imepotea. Na hata inapofanya kazi barabara, joto huja kati ya siku ya pili na ya tano, kwa kuwa kifuko kilichokwisha kukua hukaribia kupasuka upesi, ilhali wimbi lililoanza jana lahitaji muda. Kwa hiyo anayekuahidi siku na saa baada ya sindano moja amekuahidi asichoweza kukitimiza. Wataalamu wengine huchoma sindano mbili zilizopishana siku 11 hadi 14, ili ng'ombe aliyekosa ya kwanza aikute ya pili akiwa na tezi iliyokomaa. Huo si ujanja wa kuongeza bei, mradi umeelezwa tangu mwanzo.

Lipo jambo zito kuliko hasara ya sindano. Mimba ya ng'ombe hulindwa na projesteroni ya tezi ile ile. Prostaglandini ikichomwa kwa ng'ombe mwenye mimba changa, mimba hutoka. Usikubali ng'ombe achomwe kabla hajapimwa mimba kwa mkono, hata kama mtaalamu ana haraka na hata kama wewe mwenyewe unaamini hana. Kumbuka fahali la jirani.

Ng'ombe aliyekonda baada ya kuzaa ni habari nyingine. Vifuko vyake hukua kwa mawimbi kama kawaida, lakini njaa na kunyonyesha huizuia LH, hivyo hakuna kinachopasuka na tezi ya manjano haijengeki. Huyo ahitaji malisho kwanza. Mtaalamu mwaminifu akimpapasa atakwambia hivyo na kuondoka bila kuchoma. Mlipe ada ya uchunguzi kwa moyo mweupe.

Omba kuona chupa, usome jina la dawa na tarehe ya mwisho wa matumizi, na uandikiwe tarehe ya sindano. Prostaglandini hupenya ngozi ya binadamu. Mjamzito na mwenye pumu wasiishike. Baada ya hapo mwangalie ng'ombe asubuhi, jioni na usiku, kwani joto la zebu huwa fupi na aghalabu huja gizani. Anayeonekana kusimama apandwe asubuhi ahimilishwe jioni. Wa jioni, asubuhi inayofuata, kwa kuwa yai hutoka saa 24 hadi 32 hivi tangu joto lianze. Akirudia joto kati ya siku ya 18 na ya 24, hakushika. Asiporudia, bado apimwe kwa mkono miezi miwili hivi baadaye, nawe upatane na mhimilishaji mapema kama upimaji huo umo katika bei uliyolipa.